Pombe Asiyoinywa Yoramu

Yoramu Masele hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na jambo hilo lilijulikana kuanzia mtaa wa Mtendeni mjini Tabora hadi Tura. Harusini alipewa togwa pamoja na watoto. Kwenye ngoma za mavuno, kata ilipozungushwa ilimruka bila mtu kumwuliza. Alikuwa Mmoraviani wa kuzaliwa, mzee wa kanisa kwa miaka mitano, na ungemwambia kwamba siku moja ataandikwa mlevi katika vitabu vya serikali, angekucheka mpaka ashike mbavu. Tatizo ni kwamba serikali ya Mwingereza ilikuwa na kitabu cha kuwaandika wanaokunywa, lakini haikuwa na kitabu cha kuwaandika wasiokunywa.

Kazi yake ilikuwa udereva. Kwa miaka tisa aliendesha lori la Thabit bin Nabhan, Mwarabu wa Tabora aliyenunua asali na nta vijijini akazipeleka stesheni. Njia yao ilikuwa ileile ya misafara ya zamani: Tabora, Goweko, Nyahua, Tura, kisha kurudi. Babu yake Yoramu aliipita kwa miguu na pembe begani. Yoramu aliipita ameketi, mkono mmoja dirishani, na kwa miaka yote hiyo tisa leseni yake haikutiwa hata nukta ya wino mwekundu. Thabit alipenda kuwaonyesha wageni wake leseni ile, kana kwamba ni yake.

Basi, mwezi wa Machi mwaka 1953, mvua ikinyesha tangu alfajiri, lori likiwa na madebe ya asali likishuka mteremko karibu na Goweko, ng'ombe akatoka vichakani. Yoramu alikata usukani. Matairi yakateleza kwenye tope, lori likaenda upande kwa utaratibu kabisa, tena polepole, likaigonga nguzo ya simu iliyofuata reli. Nguzo ikaanguka. Hakuumia mtu, hakuumia ng'ombe, na asali haikumwagika. Ila waya ulikatika, na Tabora na Dar es Salaam zikakaa nusu siku bila kusemezana.

Askari wa kituo cha pale alikuja mbio, koti la mvua limemfika visigino. Jina lake Ndahani, konstebo, Mgogo wa upande wa Manyoni. Walijuana vizuri. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Hilo halikuanza jana. Wapagazi wa Unyamwezi walipita Ugogo na mizigo yao, Wagogo wakawadai hongo ya maji, yaani ushuru wa njia, wakatukanana mpaka wakachoka, wakaishia kucheka, na vicheko hivyo wakarithishwa wajukuu. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana mrudishie, akichukua kuku wako mwambie achukue na jogoo.

"Mpagazi," Ndahani alisema akilizunguka lori, "kumbe siku hizi unalala barabarani na mzigo wa Mwarabu?"

"Nyamaza, Mgogo. Nimekuangushia kuni, ulikuwa unalia baridi."

Wapakizi wawili waliokuwa nyuma ya lori walianza kucheka, wamejifunika magunia. Ndahani akatoa daftari lake la polisi, akalikinga mvua kwa kofia, akalamba ncha ya penseli.

"Sema sasa mbele ya serikali. Umekunywa nini leo?"

"Pombe ya uwele. Pipa zima, aliyoipika mama yako mwenyewe. Nimefika hapa nikaona nguzo mbili, nikasema nipite katikati."

Ndahani alicheka mpaka machozi yakachanganyika na mvua. Alichekea nini? Alichekea kwamba mtu anayesema hayo ni Yoramu, ambaye Krismasi iliyopita alikuja kituoni kumpa mkono wa sikukuu na akakataa hata kunusa kikombe. Na kwa kuwa utani mzuri haustahili kupotea, akayaandika yote, neno kwa neno, akaweka sahihi yake chini kwa madaha.

"Hii nitawasomea wenzangu," alisema. "Njoo ndani unywe uji, kisha nitaandika yale ya kweli."

Uji ulikuwa bado wa moto Inspekta wa polisi alipofika kwa kiberenge cha reli, buti zimelowa, uso umemwiva kwa hasira ya waya uliokatika. Hakuuliza habari za ng'ombe. Alilichukua daftari mezani, akasoma, akalitia mkobani. Kurasa za daftari lile zilikuwa na namba, moja hadi mia. Ukichana moja, umefukuzwa kazi. Ndahani alibaki amesimama na kijiko cha uji mkononi.

Mlio wa kiberenge ulipotoweka, Yoramu alimgeukia.

"Sasa Mgogo, umefanya nini?"

"Si wewe uliyesema?"

"Si wewe uliyeandika?"

Hawakucheka.

Kesi ilisikilizwa Tabora, bomani, wiki tatu baadaye. Kuna watu hushindwa kesi kwa kusema uongo. Yoramu alishindwa kwa kusema kweli, na kila alipoikumbuka siku ile alitamani arudi akadanganye kama watu wengine wenye akili.

Hakimu alisoma maneno ya daftari kwa Kiingereza, mkalimani akayarudisha kwa Kiswahili, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata tarishi wa mahakama alijishika mdomo. Hakimu aligonga meza.

"Mwulize, alisema maneno haya?"

"Ndiyo, bwana, nilisema. Lakini huyu ni mtani wangu."

Mkalimani alijitahidi. Alieleza utani ni nini, akaeleza habari za misafara na hongo ya maji, jasho likamtoka. Hakimu alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mtu anayeangusha nguzo ya serikali halafu akamfanyia mzaha askari aliyevaa sare, mtu huyo hajajitetea, amejiongezea.

Akaitwa Ndahani. Akaapishwa.

"Uliandika wewe?"

"Ndiyo, bwana."

"Aliyasema?"

"Aliyasema, bwana, ila mimi namjua, huyu hanywi…"

"Sikukuuliza unamjua. Ulikuwa naye tangu asubuhi?"

"Hapana, bwana."

Ikaisha hivyo. Faini, ambayo Thabit alimlipia, na leseni kuzuiwa miezi kumi na miwili. Karani wa mahakama alichovya kalamu katika wino mwekundu akaandika kwenye leseni ya miaka tisa: kuendesha gari akiwa amelewa. Aliandika kwa mwandiko mzuri, wa kuvutia, na hilo lilimuudhi Yoramu kuliko yote. Laiti angeandika hovyo.

Mjini watu walicheka mwezi mzima. "Kashikwa na mtani wake!" Kila alipopita Mtendeni alikuta kikundi kinamwigiza, mmoja Ndahani, mmoja Yoramu, mmoja nguzo. Wote walijua kuwa hakunywa. Ndiyo maana walicheka. Na yeye, kwa miezi ile ya kwanza, alijaribu kucheka nao, akijua kuwa mwaka hupita.

Thabit hakumfukuza. Alimwita barazani, akamkaribisha kahawa, akamweleza kwa upole, maana alikuwa mtu muungwana.

"Yoramu, mimi najua. Mke wangu anajua. Punda wangu anajua. Lakini lori bila bima haliruhusiwi kutoka hata uani kwangu. Likimgonga mtu, anayelipa ni kampuni ya bima, na kampuni inataka kujua nani kashika usukani. Sasa nikiwaandikia jina lako, watalifuta langu."

"Nifanye nini, Bwana Thabit?"

"Panda nyuma. Upakie. Mwaka ukiisha, urudi mbele."

Akapanda nyuma. Dereva wa miaka tisa akajifunika gunia pamoja na wapakizi wake wa jana, na mbele akakaa Alois, kijana wa kutoka Ndala aliyepata leseni miezi mitatu iliyopita. Leseni ya Alois ilikuwa safi, na ingekosaje kuwa safi, kwani haijatumika? Kampuni ya bima ilimpokea bila kuuliza. Alois aliingiza gia kama anayepasua kuni. Penye mchanga alikanyaga mafuta, penye mawe alikanyaga breki, na kila mteremko Yoramu alisali huko nyuma kwa sauti, akishikilia madebe.

"Ingiza ya pili!" alipiga kelele akigonga paa. "Ya pili, wewe! Unaliua lori!"

"Kaka, nani dereva?" Alois alijibu, bila ubaya wowote.

Alikuwa amesema kweli. Yoramu aliketi.

Machi ilirudi, leseni ikarudi. Yoramu aliipokea bomani kwa mikono miwili, akaenda nayo moja kwa moja hadi kwa Thabit, na wote wawili wakaenda kwa wakala wa bima, ambaye ofisi yake ilikuwa karibu na soko. Karani wa wakala alikuwa Mgoa, Mhindi wa asili ya Goa, mwenye miwani, mpole, aliyependa kusema "tutaona". Alitoa fomu. Ilikuwa na maswali kumi na manne. La tisa liliuliza: Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la kuendesha gari?

"Adhabu si imekwisha?" Yoramu aliuliza.

"Adhabu imekwisha," karani alisema. "Swali halikuisha."

"Litakwisha lini?"

"Halijaandikwa lini. Limeandikwa 'umewahi'."

Akaandika ndiyo. Baada ya wiki tano jibu likaja kutoka Dar es Salaam: kampuni italikatia lori bima kwa sharti kwamba Yoramu Masele asiliendeshe. Na fomu mpya, ukitaka kujaribu tena, ilikuwa na swali la kumi na tano, lililouliza kama ombi lako limewahi kukataliwa. Yoramu aliikunja fomu akaitia mfukoni. Alikuwa ameingia mle na doa moja, akatoka na mawili, na hakuwa amefanya kitu zaidi ya kujibu.

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia. Alikaa usiku kucha akifikiri, na asubuhi akapanda nyuma ya lori kama kawaida, ila Goweko akashuka.

Ndahani alikuwa nyuma ya kituo akinyoa ndevu kwa kioo alichokitundika mtini. Alipomwona, uso ukamchangamka.

"Mpagazi! Leo umekuja kwa miguu au umebebwa?"

"Ndahani, nimekuja kuchukua changu."

Askari yule aliacha kunyoa. Mtani ana haki hiyo. Ukimkosea, anaweza kuingia kwako akachukua anachotaka, na wewe husemi kitu, unamshukuru. Ndahani alipumua, kama mtu aliyesubiri siku hiyo mwaka mzima.

"Chukua. Mbuzi yule mweupe chukua. Baiskeli ile pale, mpya, hata tairi haijatobolewa. Chukua baiskeli."

"Sitaki baiskeli. Nataka uende kwa Inspekta ukamwambie uliandika utani."

Povu la sabuni lilikuwa likikauka shavuni mwa Ndahani. Mke wake alitoka mlangoni, akawaona wanavyotazamana, akarudi ndani. Alikuwa mjamzito.

"Sawa," Ndahani alisema hatimaye. "Umeomba."

Alimaliza kunyoa upande uliobaki. Akavaa sare, akapiga pasi kwa mikono, na lori liliporudi jioni wakapanda wote wawili nyuma. Njia nzima hakumtania. Yoramu angependa amtanie, hata kidogo, ili apate sababu ya kumchukia. Lakini mtu unamchukiaje ambaye amekubali?

Kesho yake saa mbili walikuwa mlangoni kwa Inspekta. Huyu hakuwa mtu mbaya. Aliwakaribisha viti, akasikiliza Kiswahili cha Ndahani akitikisa kichwa, kisha akaenda kabatini, akatoa faili. Ndani yake lilikuwamo daftari lenyewe, limefungwa uzi.

"Konstebo," alisema, "kabla hujaendelea, nikueleze. Hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo, Afande."

"Mahakamani uliapa kwamba ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndiyo, Afande."

"Basi kama sasa unataka kuniambia sivyo, uliandika uongo katika kitabu cha polisi, kisha ukala kiapo juu yake. Hilo ni jela, si kufukuzwa tu. Na hukumu ya huyu bwana haitabadilika, muda wa rufaa ulipita mwaka jana. Sijasikia bado ulilokuja kuniambia. Unataka kuniambia?"

Ndahani alikuwa tayari. Yoramu alimwona akifungua mdomo, amekaza shingo, macho yameelekea ukutani kama askari gwarideni. Yule mjinga angesema. Angeyasema yote kwa sababu mtani wake alidai, na baada ya hapo kungekuwa na mfungwa mmoja, mjane mmoja wa mtu aliye hai, na leseni ileile yenye wino mwekundu.

"Tumekuja kusalimu, Bwana Inspekta," Yoramu alisema. "Tulikuwa tunapita."

Inspekta aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nami nimefurahi kuwaona," alisema, akarudisha faili kabatini.

Nje Ndahani alimshika mkono. "Chukua baiskeli basi," alisema. Alikuwa akilia.

"Potelea mbali na baiskeli yako!" Yoramu alimfokea, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, na pale pale akaona aibu, maana mtani hafokewi. Aliondoka bila kuaga. Alipiga teke kila jiwe lililokuwa barabarani tangu bomani mpaka nyumbani, na dole gumba likavimba siku tatu.

Thabit ndiye aliyepata njia nyingine. Alimbembeleza Mgoa, Mgoa akaandika barua, na kampuni ikajibu kwa ustaarabu. Iko tayari kumfikiria tena ndugu Masele, endapo ataleta hati kutoka kwa kiongozi wa dini yake inayothibitisha kwamba ulevi wake umekoma kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili.

"Unaona?" Thabit alisema kwa furaha. "Jepesi!"

Yoramu alikwenda kwa mchungaji akiwa na matumaini ambayo hakuwa nayo tangu siku ya nguzo. Mchungaji Tobias alikuwa mzee mwembamba, mwenye uso wa huruma na mwandiko mkubwa. Alimsikiliza, akacheka, akatoa karatasi nzuri ya usharika akaandika: ninamfahamu Yoramu Masele tangu ubatizo wake, hajawahi kunywa pombe. Akapiga muhuri, akamwombea safari njema.

Barua ilikwenda Dar es Salaam ikarudi. Kampuni imesikitika. Mwombaji anakana kosa lililothibitishwa mahakamani, na uzoefu wa kampuni unaonyesha kuwa dereva anayekana kosa lake hulirudia. Hati iliyotakiwa ni ya kuacha, si ya kutokuwahi.

Wakati huo Alois alikuwa ameunguza klachi ya pili. Thabit alimwita tena Yoramu barazani, na safari hii kahawa haikuletwa.

"Nta imelala Tura. Wenzangu wamenunua, mimi lori liko gereji. Nimepata dereva wa Kahama, mtu mzima, leseni safi. Nikimwandika huyo, Yoramu, nimemwandika. Siwezi kumtoa tena. Nipe jibu mpaka mwisho wa mwezi, na unisamehe."

"Nimekusamehe," Yoramu alisema, na alimaanisha, jambo lililomchosha zaidi. Kila mtu katika habari hii alikuwa mwema. Inspekta mwema, Mgoa mwema, Thabit mwema, hata Alois. Angempata mbaya mmoja tu, angempiga ngumi akalala vizuri.

Akarudi kwa mchungaji. Alimkuta anapalilia mihogo, wakakaa kwenye kizingiti cha jiko. Yoramu alimpa barua ya kampuni. Mchungaji aliisoma, akaisoma tena, akaivua miwani.

"Wanataka niandike umeacha."

"Ndiyo, Mchungaji."

"Nikiandika umeacha, nimeandika ulikuwa unakunywa. Na hapa chini wanataka na wewe utie sahihi."

"Nimeona."

"Ndugu Yoramu, wewe ni mzee wa kanisa. Unajua utaratibu wetu, umekaa mwenyewe katika baraza tulipomtenga mtu kwa jambo hilihili. Anayekiri ulevi kwa sahihi yake hutengwa na meza ya Bwana miezi sita, na jina lake husomwa. Siwezi kuweka karatasi moja ya bima na nyingine ya kanisa. Muhuri nilio nao ni mmoja."

"Lakini unajua sikunywa!"

"Najua."

"Basi!"

"Basi nini? Niandike lipi?"

Jogoo alipita katikati yao akidonoa. Yoramu alitazama mikono yake. Kwa mwaka na zaidi ilikuwa ikibeba madebe, na viganja vilikuwa vimepata sugu mahali pasipo na sugu za dereva. Alifikiria mlango wa lori, namna unavyofunguka kwa kuuinua kidogo kwanza, jambo ambalo Alois hajalijua mpaka leo. Alifikiria yule mtu wa Kahama. Kazi nyingine hakuijua, na hakutaka kuijua.

"Andika nimeacha," alisema.

"Yoramu."

"Andika, Mchungaji. Kila mtu Tabora anajua ukweli. Ni karatasi tu."

Mchungaji aliandika. Mwandiko wake mkubwa ukawa mdogo. Yoramu akatia sahihi chini ya maneno kwamba alikuwa mlevi na sasa si mlevi tena.

Kampuni ilikubali kabla mwezi haujaisha, kwa malipo ya juu kidogo ambayo Thabit aliyameza bila kunung'unika. Jumamosi alimkabidhi Yoramu ufunguo. Jumapili, kanisani, Mchungaji Tobias alisimama baada ya matangazo, akafunua karatasi, akasoma kwamba ndugu Yoramu Masele ametengwa na meza ya Bwana kwa miezi sita, na ameondolewa katika wazee, kwa ulevi.

Kanisa lilicheka. Lilicheka kwa nguvu, wanaume kwa wanawake, kama ulivyocheka ukumbi wa boma, na Yoramu, aliyekuwa amehamia benchi la nyuma, alihisi moyo wake ukifunguka. Wanajua. Hakika wanajua. Aliinua uso, tayari kucheka nao.

Mchungaji hakucheka. Alingoja. Kicheko kilipopungua, alisoma tena, pamoja na maneno aliyoyaruka mara ya kwanza: kwa kukiri kwake mwenyewe na kwa sahihi yake.

Mtu wa benchi la tatu aligeuka kumtazama, kisha mwingine, kisha wanawake upande wa pili. Hakuna aliyekuwa anacheka sasa. Walikuwa wanamtazama kama watu wanaopiga hesabu ya zamani upya: zile safari za Tura za siku tatu, ile siku aliyochelewa harusi, yale macho mekundu ya vumbi. Yoramu aliyaona mawazo hayo yakipita katika nyuso zao moja baada ya nyingine, na hakuweza kusimama kuyazuia, maana sahihi ilikuwa yake.

Yoramu na familia yake walirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Binti yao Raheli alitangulia mbele na mdogo wake. Katarina, mkewe kwa miaka kumi na saba sasa, alitembea kando yake bila kusema, biblia amezifunga mbili katika kanga moja. Yeye ndiye aliyekuwa amemtetea kisimani na sokoni tangu mwanzo, akawagombeza wote waliomwigiza mumewe. Walipofika penye mnazi pekee wa mtaa wao alipunguza mwendo, akaangalia kama watoto wako mbali.

"Baba Raheli," alisema kwa sauti ya chini, "niambie mimi tu, sitamwambia mtu. Ile siku ya Goweko. Hukunywa kweli?"